Kamba ya Kvido

Miaka thelathini na mmoja Libuše alipiga viola, ile fidla nene, na wenzake watatu, mji hadi mji. Katika kila ukumbi, kabla ya lolote, Kvido wa selo, ile fidla kubwa ya kusimamishwa sakafuni, alipiga magoti na kamba yake nyembamba, akapima nafasi baina ya viti, ili wakikaa Brno iwe sawa na walivyokaa Košice. Waliikata mwaka wa kwanza, urefu wa pinde mbili za kupigia viola, na tangu hapo dunia yao ikawa na upana huo.

Siku hizi sauti zilikuwa zikimtoroka Libuše. Kwanza ndege, kisha birika, kisha theluji chini ya viatu. Hakumwambia mtu. Alijiwekea sharti: siku asiposikia Bohdan, fidla wao wa kwanza, akivuta ile pumzi ya kuwaanzishia muziki, ataaga. Jana, huko Ostrava, hakuisikia. Aliona tu upinde wa Bohdan umeshashuka, akaudandia muziki kama mtu aliyechelewa tramu. Barua ya kuaga ilikuwa mfukoni.

Mchana huo Olomouc, mwanga wa theluji ulijaa ukumbini ukatulia kama maziwa. Kvido akamtupia kamba.

"Leo piga magoti wewe, bibie. Yangu yameshakufa."

Kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho, Libuše aliilaza kamba kando ya upinde wake, kwa mapenzi tu. Ilifika upinde mmoja na robo. Akaipapasa, akakuta vifundo saba.

"Kvido, nani kaifupisha hii?"

"Panya."

"We mzee, usinichezee!"

Kvido akakuna shingo. "Mimi. Kifundo kimoja kila ulipochelewa kuingia. Mwaka wa pili huu. Bohdan alisema tukusogelee polepole ili utusikie, usije ukashtuka ukatukimbia."

"Wote mnajua?"

"Tulijua kabla yako. Na jana nimekuona, ndiyo maana leo nimekupa uipime mwenyewe."

"Tukisogea tena si tutakaliana mapajani?"

"Mimi sina neno."

Libuše akalia waziwazi, bila kuona haya, kisha akacheka. Kifundo cha nane akakifunga mwenyewe.

Jioni kiti chake kikawa kinayumba. Akaikunja barua mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa kiti. Walikaa magoti yakigusana. Watu wakanyamaza, au alidhani wamenyamaza. Hakusikia kitu. Lakini Bohdan alipovuta pumzi goti lake liliinuka kidogo, likamsukuma, na Libuše akaingia pamoja nao.