Mguu Uliozoea Nyeusi

Mimi nashona viti vya pikipiki. Kuzipanda sipandi, na anayetaka kunicheka na anicheke. Cherehani yangu ipo kwenye kona ya gereji ya binti wa kaka yangu, kati ya rafu ya matairi na mlango wa nyuma, na kutoka hapo nimeona wanaume wazima wakishuka kwenye pikipiki na kujishikiza ukutani huku wanasema ilikuwa raha. Raha gani hiyo inayomkausha mtu midomo?

Gereji yetu haiuzi pikipiki za kubebea mizigo. Inauza zile za mwendo, ambazo mtu anaziinamia utadhani anatafuta kitu kilichomwanguka. Na binti wa kaka yangu ana utaratibu wake ambao hajawahi kuuvunja kwa mteja yeyote: hununui kabla hujaendesha tatu tofauti kwenye barabara ileile, ukianza na iliyo pole na kumalizia na iliyo kali. Ukirudi unaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya cherehani yangu na kueleza kila moja imekufanyaje. Macho yanadanganywa na rangi, anasema, na masikio yanadanganywa na sifa za watu, lakini mgongo na viganja havina unafiki.

Siku hiyo mteja alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mtaa mzima unamwita Kinyozi kwa sababu ya kazi yake. Mama yao alifariki huyu bado anatambaa, na dada yake ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamchapa, akamtafutia na mkasi wake wa kwanza. Sasa bwana mkubwa alikuwa anataka pikipiki ya mwendo, na tangu amtamkie dada yake, binti wa watu alikuwa anakula kidogo na kunyamaza sana.

Asubuhi, kabla kijana hajafika, alikuja kusimama karibu na cherehani yangu akijifanya anatafuta bisibisi.

"Shangazi, akichukua ile nyeusi nimemzika."

"Tema hayo maneno."

"Natema. Lakini nikimkataza ataenda kununua kwingine, unamjua kichwa chake. Kwa hiyo namwachia aiendeshe mpaka aikinai. Imtishe yenyewe."

Sikuupenda mpango huo. Nilimwambia hivyo, akasema mimi siipendi pikipiki yoyote, kwa hiyo kura yangu haihesabiwi. Hapo alikuwa na haki, nikarudi kwenye uzi wangu.

Hiyo nyeusi ndiyo niliyoichukia kuliko zote. Mume wake, ambaye tunamwita Fundi, alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya mashindano na alikuwa ameigeuza gia. Kwenye pikipiki ya kawaida, mguu wa kushoto ukikanyaga pedali, gia inashuka; ukiinyanyua pedali kwa vidole, gia inapanda. Kwenye nyeusi ilikuwa kinyume: kukanyaga kunapandisha, kunyanyua kunashusha. Wenye mashindano wanapenda hivyo kwa sababu pikipiki ikilala kwenye kona ya kushoto, chini ya pedali hapabaki nafasi ya kupenyeza vidole. Kwa Fundi na mkewe hilo si jambo kabisa. Wanashuka kwenye moja wanapanda nyingine, na mguu unajigeuza wenyewe, kama mtu anayeongea lugha moja nyumbani na nyingine kazini. Wamefanya hivyo miaka nenda rudi mpaka wamesahau kwamba kuna kitu kinageuzwa.

Kinyozi alifika amenyoa vizuri, ananukia sabuni, akanisalimia shikamoo huku macho yako kwenye pikipiki. Alianza na ya bluu, silinda moja, nyepesi kiasi kwamba mimi mwenyewe naisukuma kwa mkono mmoja nikitaka kufagia. Alirudi anatabasamu kwa adabu.

"Haya, sema," dada yake akamwambia.

"Nzuri. Unakaa wima, mikono haiumi. Ukiingia kwenye kona vibaya inakungoja urekebishe." Akakuna kidevu. "Ni kama kumnyoa mzee mpole. Hata mashine ikikwama hasemi kitu."

"Na hicho ndicho unachokitaka."

"Ndicho unachokitaka wewe, dada."

Nilicheka. Dada yake hakucheka. Akampa funguo za nyekundu.

Nyekundu ina silinda mbili, na kiti chake nimekishona mimi mara ya pili kwa sababu cha kwanza kilikuwa kinawachoma wateja mapaja. Hiyo haikuhitaji kuambiwa kimbia, alisema Kinyozi aliporudi. Ukigusa tu akseleta inakusukuma kutoka chini, tangu gia ya kwanza, na mtetemo unapanda mikononi mpaka meno. Alikuwa anakunja na kukunjua vidole.

"Hii inabishana na wewe. Unaipeleka kulia, inauliza kwa nini. Lakini angalau unajua inawaza nini."

"Na kwenye kona?"

"Nzito. Lazima uiamue mapema."

Kisha akapanda nyeusi. Dada yake alimweleza kuhusu gia, taratibu, mara mbili, akamshika hata kifundo cha mguu wa kushoto na kumwonyesha: kanyaga inapanda, nyanyua inashuka. Mwendo wake wa kwanza nje ya lango ulikuwa aibu tupu. Injini ililia, ikashtuka, ikazima. Nikaona bega la dada mtu likishuka kwa nafuu. Itamtisha yenyewe, kweli.

Alikaa sana huko barabarani. Aliporudi hakuketi kwenye kiti cha plastiki. Alisimama ameshika kofia ngumu tumboni, na uso wake haukuwa na tabasamu hata kidogo. Hilo ndilo lililonitia baridi. Wale wanaoshuka wakipiga kelele nimewazoea, na wengi wao huwa hawarudi kununua.

"Mbona husemi?" nikamuuliza.

"Natafuta maneno, shangazi." Sauti ilikuwa ndogo. "Mwanzoni imelala. Unaweza kudhani ni ile ya bluu, tena ni laini zaidi. Umelala juu ya tangi, uzito wote uko kwenye viganja, magoti yamekunjwa, shingo inauma, unajiuliza watu wanaipendea nini. Halafu unavuta akseleta kidogo tu zaidi, na ni kama mtu ametoa sakafu. Upepo wote unaisha. Barabara inakuwa nyembamba. Kona unaiwaza tu, na imeshaingia."

"Umeogopa?" dada yake akauliza. Aliuliza haraka mno.

"Sana," akasema. "Naomba nirudie."

Akampa. Mpango ulikuwa ule, akinai. Kijana akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, asubuhi nzima na mchana, na mimi nikawa nashona huku nasikiliza, kwa sababu pikipiki huwezi kuacha kuisikiliza. Mwanzo niliisikia ikikwaruza kila alipobadilisha gia. Baadaye ikakwaruza mara mojamoja. Jua lilipofika juu ya rafu ya matairi, gia zilikuwa zinapita bila mshono, na sauti ikawa haina tofauti na ya Fundi mwenyewe akiwa juu yake. Nilisimamisha cherehani. Nilimtazama binti wa kaka yangu naye akanitazama, na wote tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, ila hatukuwa tumekielewa.

"Mguu umeshaelewa," Kinyozi alisema aliposhuka safari hiyo. Alikuwa analowa jasho. "Wala sifikirii tena. Naichukua hii, dada."

Basi hapo kukawaka moto. Sitayarudia yote. Dada alimwambia ameshampoteza mama na hana nguvu za kumpoteza mtu mwingine. Kijana akamwambia ana umri wa kuchagua kifo chake mwenyewe, neno la kijinga ambalo alilijutia kabla halijamtoka lote. Mimi niliinuka, na miguu yangu hii inayouma, nikasimama katikati yao.

"Wewe umekuja kuomba ushauri au umekuja kumtesa dada yako?" nikamwambia.

Aliinama. Ana moyo laini yule, ndiyo maana hata watoto wanamwachia vichwa vyao.

"Chukua ya bluu," dada yake akasema, sauti imekatika. "Endesha mwaka mmoja. Ukirudi mzima, nyeusi nakupa bure."

Kijana akanyoosha mkono kuomba funguo za bluu. Dada mtu alimkumbatia na kofia yake ngumu, akamfunga mwenyewe mkanda wa kidevuni, kama alivyokuwa akimfunga vifungo vya shati la shule. Akaondoka polepole, wima, anatii kila alama ya barabarani. Hatukuona kosa lolote. Mtu akitulia, kichwa ndicho kinachoendesha.

Tulikaa. Binti wa kaka yangu alilia kidogo, akacheka, akaniomba maji. Nilijisikia mwepesi. Nakiri nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nikaanza kushona vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Fundi alirudi kutoka karakana ya jirani na vipande vyake vya chuma. Alipita karibu na nyeusi, akaweka kiganja kwenye injini.

"Ina moto. Nani ametoka nayo?"

"Kinyozi. Ameshinda nayo tangu asubuhi," mkewe akasema. "Lakini nimemshinda. Nimemkatalia."

"Na ile gia sijairudisha."

"Ameizoea vizuri tu. Anasema hata hafikirii."

Fundi akaviweka vile vyuma chini, kimoja kimoja.

"Ameondoka na ipi?"

Nilimwonyesha pale ilipokuwa ya bluu. Niliona rangi ikimtoka mke wake usoni, na ndipo na mimi, ambaye kuzipanda sipandi, nikaelewa. Kijana yuko juu ya pikipiki ya kawaida na mguu uliojifunza kinyume. Akiwa ametulia atakumbuka. Akishtuka, mguu hautamngoja akumbuke. Atanyanyua pedali ili ashushe gia, na gia itapanda, na pikipiki itaachia kama imekatwa kamba.

Fundi alipiga simu. Iliita, ikaita. Mtu aliyevaa kofia ngumu hapokei simu.

"Amepita kujaza mafuta," binti wa kaka yangu akasema. Pikipiki zetu zinatoka na mafuta ya kufikia kituo tu. "Bado hajashuka mteremko. Namuwahi."

Nyeusi ndiyo ilikuwa karibu na lango. Aliipanda bila glavu, bila koti, kofia haijafungwa, na mlio wake ulitikisa kopo langu la sindano.

Nilifungua mlango wa nyuma. Kutoka uani kwetu mteremko wote unaonekana, kuanzia kituo cha mafuta mpaka kona ya machimbo ya mawe, pale malori yanapomwaga kokoto barabarani. Niliiona ya bluu ikitoka kituoni na kuanza kushuka, taratibu kabisa, kama mtu anayetoka kanisani. Angeachwa hivyo angefika nyumbani. Mpaka leo naamini angefika.

Kisha nyeusi ikatokea nyuma yake. Dada alikuwa anawasha na kuzima taa, anapiga honi, mkono mmoja umeachia mpini anampungia asimame. Mimi nilijua anasema simama. Lakini yule kijana, tangu wakiwa na baiskeli, hajawahi kumwona dada yake nyuma yake akadhani ni kitu kingine zaidi ya mashindano. Nikaona kofia yake ikigeukia kioo. Nikaona akiinua mkono wa kushoto juu, kwa mbwembwe, kisha akainama na kulala juu ya tangi.

"Hapana," nikasema. Nilikuwa peke yangu uani.

Dada akaelewa, akapunguza. Taa zikazimika, honi ikanyamaza. Lakini ya bluu ilikuwa imeshashika kasi. Kabla ya kona ya machimbo kila pikipiki hulia: gia zinashuka, injini inapandisha sauti, kisha inaingia. Nimeusikia mlio huo maisha yangu yote ya kazi. Niliungoja. Badala yake sauti ilishuka, ikawa nzito na nyororo, sauti ya pikipiki inayopewa ruhusa ya kukimbia. Kisha matairi kwenye kokoto. Kisha kimya.

Fundi alinipeleka kwa gari. Tulimkuta kwenye rundo la kifusi chini ya barabara, amelala chali, na dada yake amepiga magoti anakishika kichwa chake kwa viganja viwili kisicheze. Hakuwa amemvua kofia, alijua haitakiwi. Damu ilikuwa inatoka sikioni kwa kijana, kidogo tu, na mimi sikutaka kuitazama.

"Shangazi," akasema.

"Nipo, mwanangu. Gari la wagonjwa linakuja."

"Umeona kutoka kule nyuma?"

"Nimeona."

"Dada alitaka kunipita. Tena na ile nyeusi." Alivuta pumzi, ikakwama, ikaja. "Hakunipita."

Midomo ya dada yake ilifunguka. Nilimkazia macho anyamaze.

"Hakukupita," nikasema.

Alifurahi. Nawaambia ukweli, uso ule ulifurahi, na macho yakapanda polepole kumtafuta dada yake, aliyekuwa kichwa chini juu yake.

"Na ni hii ya bluu tu," akamwambia. "Uliyonichagulia wewe."

Dada yake aliendelea kumshika kichwa, kisicheze.