Neno la Mtu wa Kushoto

Meli za watalii zilikuwa zimebanana bandarini Funchal tangu asubuhi, na kule juu kilimani Monte, chini ya ngazi za kanisa, foleni ya wageni ilikuwa imezunguka mpaka kwenye duka la aiskrimu. Siku kama hiyo Idalina angekuwa anaimba. Lakini alikuwa ameegemea ukuta kwenye kona yake, katikati ya mteremko, akizipitia picha za asubuhi kwenye kioo kidogo cha kamera, moja baada ya nyingine.

Kazi yake ilikuwa kuwapiga picha wageni wanapopita wakishuka na vikapu. Mgeni anakaa kwenye kikapu, yaani kiti cha henzirani kilichofungwa juu ya mbao mbili zilizopakwa shahamu, anashikilia kofia yake, anapiga kelele. Nyuma yake wanaume wawili waliovaa nguo nyeupe na kofia za majani makavu wanakishika kwa kamba na kukiachia barabara ya lami, mji mzima uko chini yao na bahari iko chini ya mji. Gurudumu hakuna, injini hakuna. Breki ni soli za buti zao.

Picha zilikuwa nzuri. Wageni wamekenua meno, nywele zimesimama. Nyuma yao, upande wa kulia, Nélio, mumewe, ametulia kana kwamba anasukuma kigari cha mtoto. Na upande wa kushoto baba yake Idalina, mzee Belmiro. Katika kila picha mzee alikuwa amegeuza kichwa chote, kidevu kimelala bega la kushoto, kama kuku anayetazama punje kwa jicho moja.

Idalina alirudi nyuma mpaka picha za mwezi uliopita. Kichwa kilikuwa kimegeuka, lakini kidogo. Akarudi mpaka zile za wakati wa karamu za Februari, kabla ya Kwaresima. Humo baba yake alikuwa anatazama mbele, anatabasamu, na upande wa kushoto ametupia jicho tu, kama mtu anayejua nani yuko mlangoni bila kuuliza.

Kwa hiyo saa ya chakula alimjaribu. Walikuwa wamekaa kwenye benchi chini mjini, wakingoja gari la kuwarudisha watu wa vikapu juu. Mzee amempakata Leonor, mjukuu wake wa miezi minane, anayeng'ata ukingo wa kofia yake. Idalina aliuweka mkate wenye siagi ya kitunguu saumu upande wa kushoto wa baba yake, akanyamaza.

"Mkate wangu uko wapi?" mzee aliuliza. "Au umeshamlisha mumeo?"

"Uko hapo, Baba."

"Hapo wapi?"

Mkono wake ulipapasa benchi, ukapita kando ya mkate, ukarudi. Idalina akausogeza mkate mpaka ukagusa vidole vyake.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu lini nini?"

"Baba."

Mzee aliitoa kofia mdomoni mwa mtoto, akaifuta mate taratibu. "Tangu Pasaka. Jicho la kushoto limezimika tu, kama taa. Wala haliumi."

"Nélio anajua?"

"Nélio anajua kushika kamba. Mengine aniachie mimi." Kisha sauti ikashuka. "Sikiliza, mwanangu. Nikitoka mimi leo, mumeo hana mwenzi. Na asiye na mwenzi anakwenda mwisho wa orodha, anakaa kufagia ngazi za kanisa mpaka mtu mwingine aumie au ahamie Lisbon. Umeolewa na mfagiaji? Nivumilie mpaka sikukuu ya Bikira Mama wa Monte, Agosti. Mtoto atakuwa ameshabatizwa. Baada ya hapo naning'iniza buti mwenyewe, bila kuambiwa."

"Baba, wewe ndiye mtu wa kushoto."

"Nayajua magari ya mteremko huu kwa masikio."

Gari la kupandisha watu lilipiga honi. Mzee alimbusu Leonor kwenye paji la uso, akamrudisha mikononi mwa mama yake, akaenda. Idalina hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimpeleka mtoto kwa mama mkwe, akarudi kwenye kona yake, na kunyamaza kwake kulikuwa kumeshahesabiwa kuwa ndiyo.

Sasa manyunyu yalikuwa yameanza.

Chini ya kona ya Idalina, umbali wa kutupa jiwe, kichochoro chembamba kilichobanwa na kuta mbili kiliingia barabarani kutoka kushoto. Madereva wa Monte walikijua. Wakifika pale husimama, huchungulia, ndipo hutoka. Lakini hakuna mtu wa vikapu aliyeiweka roho yake mikononi mwa madereva. Kabla ya kukifikia, mtu wa kushoto hukitazama kichochoro, kisha hutoa neno. Akisema "Twende!" mwenzake anainua mguu, kikapu kinaruka. Akisema "Simama!" buti zote zinakanyaga lami. Mtu wa kulia hatazami kushoto hata siku moja. Ana upande wake wa kuutazama. Na neno la mtu mwingine yeyote halisikilizwi. Mwaka jana mgeni mmoja alipiga kelele ya kusimama kwa mzaha tu, kijana mmoja wa vikapu akakanyaga breki, kikapu kikalala ubavu na mama wa watu akavunjika mkono. Tangu hapo walikuwa wakifundishwa: pembeni anaweza kupiga kelele askari, kasisi, hata mama yako mzazi. Msikilize mtu wa kushoto.

Idalina alitoa simu akampigia Teotónio, msimamizi wa vikapu.

"Teotónio hapa. Nani? Aa, Idalina! Sema upesi, bibie, nina Wajerumani hapa wanagombania kikapu kama wanagombania mirathi."

"Baba ameshaondoka?"

"Ndiyo kwanza wanapaka shahamu. Anatangulia Fausto, kisha wao. Kuna nini?"

Neno lilifika kwenye ulimi. Akaziona ngazi za kanisa, na Nélio na ufagio, na wenzake wakimpita wakicheka. Akamwona baba yake akivuliwa kofia mbele ya foleni nzima.

"Hakuna. Nilitaka kujua tu."

"Haya, piga picha nzuri, mvua haijakolea!"

Simu ikakatika. Idalina aliitazama kwa sekunde chache, kisha akapiga tena. Iliita, ikaita, haikupokewa. Wajerumani walikuwa wameshinda.

Kikapu cha Fausto kilimpita kikipaa, mbao zikikwaruza lami kwa ile sauti ya bati linaloburutwa. Aliinua kamera kwa mazoea. Fausto alimpungia mkono. "Idalina! Babako yuko nyuma yangu, kabeba bibi mzito kuliko wewe siku ya kujifungua!"

"Fausto, barabara ikoje?"

"Sabuni!" alijibu, akapotea.

Ndipo aliposikia mlio mwingine. Chuma kikigonga chuma. Alipanda juu ya kigoda alichokuwa akikalia akiwa kazini, akachungulia juu ya ukuta. Ndani ya kichochoro, juu kabisa, lori la mitungi ya gesi lilikuwa linageuza pua kuelekea barabarani. Mtu wa gesi wa siku zote, mzee mwenye masharubu, alikuwa na desturi ya kupiga honi tangu mwanzo wa kichochoro. Huyu hakupiga. Alikuwa kijana, simu ameibana kati ya sikio na bega, na lori lake lilianza kushuka kwenye mawe yaliyolowa.

Juu yake, nyuma ya kona ya kwanza, ile sauti ya bati linaloburutwa ikaanza tena.

Idalina aliruka chini. Kukimbilia kichochoroni asingewahi. Alimpigia kelele dereva. Kelele zikaishia kwenye ukuta. Alipogeuka, kikapu kilikuwa kimeshajitokeza. Mbele wamekaa bibi mmoja mnene mwenye koti la mvua la manjano, binti yake, na katikati yao mtoto wa kike wa miaka kama minne aliyefumba macho kwa furaha. Nyuma yao kofia mbili za majani. Ya kulia imetulia. Ya kushoto inageuka, inageuka, inahangaika kufika begani.

Aliona kila kitu katika ile pumzi moja, kama anavyokiona kwenye kamera. Aliona kwamba baba yake amechelewa kugeuka. Aliona jicho lililozimika likitazama kichochoro na kutokiona. Aliona kichwa kikiinamisha sikio, na akajua kwamba masikio nayo hayamsaidii, maana mbao zinapiga kelele, bibi anapiga kelele, mvua inapiga kofia. Aliona kifua cha baba yake kikijaa hewa ya kutoa neno, na akalijua neno lenyewe, lile la kwenda, kwa sababu tangu Pasaka mzee alikuwa akilitoa hilohilo, na bahati ilikuwa haijamwangusha.

"Simama!" Idalina alipiga kelele. "Simama! Baba, simama!"

Nélio alimsikia. Macho yao yalikutana na Idalina aliona mguu wa mumewe ukisita juu ya lami. Mke wake ndiye anayepiga kelele. Lakini alikuwa pembeni, na pembeni hasikilizwi mtu. Nélio aligeuza macho kwa mzee, akangoja.

Mzee Belmiro alikuwa ameshafungua mdomo. Miaka yote ile, wageni wote wale, neno lilikuwa lake peke yake. Uso wake ulimgeukia Idalina, kwa jicho zima, na ilikuwa kana kwamba anamwuliza kitu. Idalina alinyoosha mkono tu, kuelekea kichochoroni.

"Simama!" mzee alinguruma. "Kanyaga, mkwe! Kanyaga!"

Buti nne zilikita lami. Nélio alijitupa nyuma na kamba mpaka mgongo ukakaribia kugusa barabara. Mzee akavuta upande wake. Kikapu kikageuka, kikaja kiubavu-ubavu, mpira wa soli ukinuka kuungua juu ya maji. Mitungi ya gesi ilipiga makelele. Lori likachomoza lote barabarani, dereva akaangusha simu, akakanyaga breki yake, na lori likateleza mbele yao taratibu, kwa uzito wake, mpaka likagusa ukuta wa pili na kusimama. Koti la manjano la bibi lilikuwa limebakiza nafasi ya mkono mmoja kufikia mlango wa lori.

Mtungi mmoja ulibiringika, ukatulia.

Kisha yule mtoto akafumbua macho, akaanza kupiga makofi. Bibi naye akapiga makofi. Binti yake akacheka, akasema kitu kwa lugha yao, na kwa ishara ya vidole akamwuliza Idalina kama picha imetoka vizuri. Walidhani ni mchezo uliopangwa, lori na yote.

"Hakuna picha," Idalina alisema, akiwafikia mbio.

Dereva alikuwa anashuka, mweupe kama unga. "Sikuwaona! Naapa kwa Mama wa Monte, sikuwaona!"

"Nyamaza, kijana," mzee Belmiro alisema. "Tuko wawili tusioona." Akaivua kofia yake.

Nélio alikuwa bado ameshika kamba, anahema. Alimtazama mkewe, akamtazama mzee, akasogea karibu. Taratibu aliinua mkono, akaupitisha upande wa kushoto wa uso wa mkwewe. Kope hazikutikisika.

"Mzee," alisema. "Tangu lini unaniendesha kwa jicho moja?"

"Tangu Pasaka."

"Na mimi nina mtoto!"

"Na mimi nina mjukuu. Ndiyo maana nilinyamaza, na ndivyo nilivyokosea."

"Mimi nimejua leo mchana," Idalina alisema. Ilibidi alitoe, lisije likamwozea moyoni. "Nilimpigia Teotónio. Alipopokea, nikaogopa kusema."

Nélio alifumba macho. Mvua iligonga kiti cha henzirani, na wageni, ambao sasa walikuwa wameanza kuzisoma nyuso, waliacha kupiga makofi.

Mzee alizunguka kikapu. Alikuja akasimama upande wa kulia, mahali pa Nélio, akaichukua kamba ya Nélio mkononi.

"Nenda kushoto," alisema.

"Mzee, sijawahi."

"Na mimi siku ya kwanza sikuwahi. Hawa watu hatuwezi kuwaacha barabarani kama mitungi ya gesi. Tutashuka polepole, kama tunakwenda mazikoni. Tukirudi juu nitampa Teotónio kofia mwenyewe, mbele ya wote, na nitamwambia mwenzi wako mpya ni mtu utakayemchagua wewe. Akikuletea ufagio, nitafagia mimi. Nina jicho la kutosha kuona ngazi."

Nélio alicheka bila kupenda, akafuta uso kwa kiganja. Akaenda kushoto. Walikinyoosha kikapu. Lori lilirudi nyuma kichochoroni, safari hii likipiga honi mfululizo kama harusi. Nélio alitazama kichochoro, akatazama tena, na mara ya tatu.

"Twe—" alianza, ikavunjika kama sauti ya mvulana anayebalehe.

"Sisikii!" mzee alisema kutoka kulia.

"Twende!"

Kikapu kikasogea. Idalina akawatangulia hatua chache mteremkoni, akainua kamera. Machozi yalimzuia kuona vizuri, lakini kidole kilijua kazi yake. Bibi alikuwa ameshika kofia. Mtoto alikuwa anamwangalia mzee. Nélio alikuwa amekunja uso, macho kushoto. Na Belmiro, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, hakuwa amegeuza shingo kwenda popote. Alikuwa anatazama moja kwa moja kwenye kamera, kwa binti yake, akiwa kichwa wazi mvuani.