Rufaa Chini ya Chupa ya Chai

Mfungwa mmoja, fundi viatu, alijiendeshea mwenyewe kesi ya nyumba aliyonyang'anywa na shemeji yake. Rufaa yake alimkabidhi afande wa zamu, naye akaiweka chini ya chupa ya chai, akaisahau mpaka muda wa kuiwasilisha ukapita.

"Afande, ilifika?"

"Iliruka kama mwewe!" Afande akadanganya, kisha akaituma kimyakimya; tangu hapo akawa hagusi chai zamu nzima.

Mahakamani hakimu akasema imechelewa. Fundi akainuka. "Mheshimiwa, kwa kanuni, mfungwa huhesabiwa amewasilisha siku anapomkabidhi askari. Muulize afande wangu huyu aliyenileta, hasemi uongo."

Afande alijua akisema kweli, kazi imeota mbawa. Fundi alikuwa akimtabasamia. Afande akavua kofia.

"Alinipa mapema, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyeikalia."