Shiraa ya Bi Mwanatumu

Salama wa Garsen alikuwa na maradhi ya nguo za kale. Akisikia ajuza yeyote, tangu Kipini hadi Wenje, anakumbuka vazi la nyanya yake, humfuata kwa maswali, kisha hujifungia na cherehani mpaka uji uungue. Mumewe, Miraji, alikwishanyoosha mikono. "Wake za wenzangu hushona nguo za Idi," alisema. "Wangu anawashonea waliokufa!"

Mwaka wa hamsini na sita maradhi yalipanda kichwani. Salama alitaka kushona shiraa, lile hema la kitambaa ambalo mabibi wakubwa wa Lamu walitembea ndani yake, watu wameshika miti kwenye pembe nne, mwanamume asiwaone. Garsen nzima aliyewahi kuiona ni mmoja tu, Bi Mwanatumu, aliyekulia nyumba kubwa huko Lamu, na macho yake sasa yalikuwa yakiingia ukungu. Salama aliomba Mungu jambo moja: bibi yule aitazame shiraa yake kabla hajapofuka, aseme kama ameipatia.

"Ilikuwa mikono ishirini ya kaniki," Bi Mwanatumu alimwambia.

Sasa, mkono ni kiwiko hadi ncha ya kidole, na desturi ya wazee ni kwamba anayekwenda dukani humchukua jamaa mwenye mkono mrefu kuliko wote. Salama akamchukua Hirsi, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Madogo, ambaye akisimama wima hukuna magoti. Abdulsalam mwenye duka akapiga ukelele. "Huo si mkono, huo ni Mto Tana! Yadi yangu ina kazi gani?"

"Mama iliniita," Hirsi alijitetea. "Mungu iliumba mkono, mimi hapana."

Shiraa ikashonwa, ikasimamishwa uani. Upepo ukaivamia. Ikammeza Miraji, ikameza mbuzi na sufuria ya wali, na ilipoinuka mbuzi alikuwa anatafuna kofia ya Miraji. Bi Mwanatumu alicheka mpaka akakohoa. "Lo! Hii ni ya kufunikia msikiti. Punguza, mwanangu. Na miti iwe mirefu, isimguse mtu kichwani."

Salama akakata, akafumua, akashona upya. Siku aliyomaliza, Abdulsalam naye alikuja, pamoja na Hirsi, kuona kaniki yake imeishia wapi. Bi Mwanatumu aliishika miti mmoja mmoja, akaunusa mshono, akatikisa kichwa kuafiki.

"Na ndani, Bibi?" Salama alimsogelea. "Ndani kulikuwaje?"

"Sijui."

"Hujui vipi, nawe ulitembea nayo?"

"Nilitembea nayo nikiwa nje, mwanangu. Nilikuwa mtumwa. Mti wa mbele, upande wa kulia, ndio wangu, tangu sijavunja ungo."

Salama aliona haya mpaka masikio yakamwaka, maana yeye ndiye aliyemtangaza Garsen nzima kuwa bibi mwungwana. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nguo. Mimi hukuniuliza."

Salama akaushika mti wa mbele, upande wa kulia. "Hirsi, kamata wa kushoto. Miraji, nyuma. Abdulsalam, usisimame kama nguzo! Bibi, ingia."

"Niende wapi na uzee huu?"

"Utakakotaka."

Wakatoka na shiraa hadi sokoni. Watu wakaacha mizani zao. Hirsi alikuwa juu mno, Miraji chini mno, na kutoka ndani zikaja kelele: "Inua, Miraji! Waniburuta kama mkeka! Na wewe mrefu, chuchumaa!"

Walipofika dukani kwa Abdulsalam, sauti ile ikapungua ukali. "Kumbe ukiwa humu," ikasema, "anayebeba haonekani hata."

Kisha ikaita, "Salama!"

"Labeka, Bibi."

"Bega linauma?"

"Linauma sana."

"Basi ndiyo yenyewe. Twende."