Samahani, Mkono wa Kushoto

Vumbi la huku mtaani Wazo halibishi hodi. Linatoka upande wa kiwanda cha saruji, linapenya wavu wa dirisha, linatua juu ya kinanda cha Adelard, laini kama unga wa muhogo. Mkewe Tupokigwe hulifuta asubuhi. Jioni limerudi, limekaa kitako kama mgeni asiyeaga.

Miaka yote Adelard alipiga muziki wa roki kwa mkono wa kulia. Ulicheka, ulilia, ulipanda na kushuka, watu wakapiga miluzi. Wa kushoto ulijilalia pajani, kwa kuwa kwenye besi, zile sauti nene, alikuwepo Ismail mwenzake wa bendi na gitaa lake. Kikaja kiharusi, kikamchukua upande wa kulia wote. Hujafa hujaumbika, jamani.

Ukabaki wa kushoto, ule ambao bibi yake kule Muleba aliuchapa kila ulipogusa chakula. Akipokea chenji dukani: samahani, mkono wa kushoto. Akimpa jirani kiti: samahani, mkono wa kushoto. Mtu mzima na mvi zake, kutwa anaomba radhi kwa kosa asilolitenda! Ilimuuma. Mwisho akaacha kutoka nje.

"Mama Hope, mpigie Ismail aje achukue hicho kinanda. Mie si mpigaji tena."

Tupokigwe akapiga simu huku machozi yanamtoka. Alijua kinanda kikitoka, mumewe naye amekwisha.

Ismail akaja, akanyoosha wa kulia kwa mazoea.

"Samahani," Adelard akasema, akatoa wa kushoto.

Ismail akaushika, asiuachie. Akauvuta mpaka kwenye kinanda, kule kwenye sauti nene, akauweka juu ya vumbi.

"Kinanda hakiombwi samahani, braza. Haya. Kidole kidogo kikae nyumbani, kwenye sauti hii hii, kisibanduke. Cha shahada na gumba vipokezane. Du-da, du-da, kama watu wanatwanga."

Weee! Kidole kidogo kikagoma. Gumba likawahi, cha shahada kikachelewa, kutwanga kukawa kuchechemea. Adelard akatukana, akacheka, akatukana tena. Ismail akaondoka bila kinanda, na kesho yake akarudi kusikiliza.

Du-da, du-da. Tupokigwe anakaanga samaki, du-da. Adhana inakwisha, du-da. Kidole kinauma, kinakandwa maji ya moto, kinarudi, du-da. Mpaka siku moja mdundo ukasimama wenyewe, ukatembea, ukapanda, ukarudi nyumbani bila kujikwaa, na vikombe vikatetemeka kabatini. Adelard akalia waziwazi, mbele ya mkewe, wala hakuona haya. Mkono aliouombea radhi kila mlango ulikuwa umeibeba nyumba nzima.

Tupokigwe akaja na kitambaa chake. Upande wa sauti nene haukuwa na vumbi hata chembe. Lilikuwa limelala kulia tu, pale ulipokuwa ukicheza mkono ule mwingine.

"Usifute," Adelard akasema. "Kaa hapo."

"Mie? We baba Hope, sijui hata pa kuanzia. Na kidole kimoja hakivunji chawa!"

"Ndiyo maana nakuita."

Akakaa kulia kwake. Du-da, du-da, mkono wa kushoto ukamngoja. Tupokigwe akabonyeza sauti moja, akaguna, akabonyeza nyingine, na kila alipogusa, vumbi likabaki na alama ya kidole chake.