Nyundo Thelathini

"Nyundo yake iko wapi, shemeji?"

Kobe alikuwa juu ya kenchi za paa na misumari sita mdomoni, kwa hiyo alijibu kwa kidole: pale, kwenye ndoo, chini ya ngazi. Mjane wa mdogo wake aliichukua nyundo, akaifuta kutu kwa upindo wa nguo yake. Kisha hakuondoka.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu radi impige mumewe juu ya paa hili hili. Mafundi walimwita Cherehani, maana nyundo yake ilikwenda mbio kama sindano ya mashine. Kaka yake ndiye Kobe, na sababu haina haja ya kuelezwa. Msibani watu walinong'ona kwamba haraka haraka haina baraka, na Kobe, Mungu amsamehe, aliitikia kwa kichwa.

"Kesho wananiwekea kikao," mjane alisema. "Mama mkwe anasema radi haiji bure, yupo aliyeituma. Na wa kwanza kutazamwa ni mke. Nafungashiwa virago, shemeji. Watoto wanabaki kwake."

Kobe alitema misumari kiganjani. Alimpenda mama yake, lakini siku hiyo alimwonea aibu.

"Radi haitumwi kama barua," alisema. "Yule mwalimu tuliyemwezekea nyumba alitueleza vizuri. Umeme ukipita, hewa inapata joto kali kufumba na kufumbua. Inatanuka kwa ghafla, kwa nguvu, na kishindo cha kutanuka huko ndiyo ngurumo. Mwanga unakufikia papo hapo. Sauti inakuja kwa miguu. Ndiyo maana sisi tunahesabu."

"Mnahesabu nini?"

"Nyundo. Umeme ukimulika, tunaendelea kugonga huku tunahesabu. Ngurumo ikifika kabla ya nyundo ya thelathini, radi iko karibu, tunashuka. Ikichelewa zaidi ya hapo, kazi inaendelea. Nilimfundisha mwenyewe."

"Na siku ile ulihesabu?"

"Nilifika ishirini na nane. Nikashuka."

"Yeye je?"

Kobe aliangalia bati. Tundu la msumari ambao mdogo wake hakuumaliza lilikuwa bado wazi.

"Alinicheka. 'Kaka, rudi bwana, mimi nimefika hamsini na kitu, hiyo iko huko kwa wenyewe.'"

"Kabla ya ule uliompiga, umeme ulimulika mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na ngurumo?"

"Moja."

Mjane alichuchumaa, akagonga ubao uliokuwa chini. Hakuwa fundi, lakini kwa miaka tisa aliishi na mdundo ule. Hata mezani mumewe alikuwa akiugonga kwa vidole. Ko-ko-ko-ko, bila kupumua. Kisha akagonga kama alivyomsikia Kobe wakati anakuja njiani: ko. Ko. Ko.

"Ukigonga moja, yeye alikuwa anagonga mbili," alisema. "Shemeji, ulimpa kipimo cha mkono wako."

Kobe hakushtuka. Alilijua hilo tangu seremala alipokuwa anagongelea jeneza, naye akajikuta anahesabu nyundo zilizokwenda mbio kuliko zake. Alilijua akanyamaza, akaiacha lawama ya radi izunguke ukooni mpaka ikamwangukia mwanamke huyu.

"Kesho nitawaambia radi haitumwi," alisema.

"Hilo nimeshawaambia mimi. Walicheka. Waambie hayo mengine."

"Mama hatanitazama tena usoni."

"Mimi ananitazama?" Sauti yake ilipanda, ikakatika. "Mimi nitaondoka bila wanangu, wewe uogope macho ya mama yako! Sema tu, kesho utakuja au huji?"

Nyuma ya vilima wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Kobe alifungua kiganja, akairudisha misumari mdomoni, mmoja mmoja, mpaka yote sita ikaisha. Ilikuwa na ladha ya kutu.

Umeme ukamulika.

Mjane hakusogea. Alikuwa ameshasimama chini ya ngazi na nyundo ya mumewe kifuani, uso ameuinua, anamsubiri. Kobe aliinua mkono kwa mazoea, lakini nyundo haikushuka. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya paa alisubiri ngurumo bila kugonga, na hakujua imebaki mbali kiasi gani.