Ndoo Moja ya Udongo wa Dada

Vumbi liliamka kabla yangu. Kila asubuhi nililikuta limeshasimama juu ya shamba, jepesi, jekundu, limejaa jua, na kuku akipita katikati yake hupiga chafya, kisha huniomba radhi. Nasema niliyoyaona.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimestaafu. Mageti yangu, hata upepo hubisha hodi. Nilipostaafu nikapanda soya, katika udongo ambao haukuwahi kuiona soya, nayo ikaota, ikatazama huku na huku, ikageuka njano.

Enyi wadogo, enyi bakteria msioonekana, ninyi hamkuwapo.

Naitrojeni ilikuwapo, tele, imejaa hewani, inayapita majani yangu kama harufu ya jiko la jirani inavyompita mwenye njaa. Mmea hauwezi kuila hewa. Ninyi ndio wapishi. Mmea huwajengea vyumba mizizini, vinundu vidogo, huwalisha sukari yake, nanyi huulisha mliyoyapika kutoka hewani. Haya niliyasikia redioni, cheche zikiniruka usoni, na cheti sikupewa.

Nikang'oa mche. Mizizi laini, kama kidevu kilichotoka kunyolewa.

Ng'ambo ya mpaka, soya ya dada yangu ilikuwa ya kijani cha kujivuna. Dada kaipanda miaka na miaka, kwake mmejaa. Lakini mimi na dada tulikuwa hatusemezani. Tuligombania kipande cha mpakani, chembamba hivi kwamba nyoka akiingia humo hana pa kugeukia, hutoka kinyumenyume. Yeye alisema chake, mimi nikasema changu, na hakuna aliyekilima.

Shamba likawa linakufa, kiburi changu kingali kizima. Nikajisemea: kipande si changu? Basi na udongo wake ni wangu, nachota. Nikachota. Nikaukoroga na maji, nikamimina kwenye mashina, nikangoja. Njano. Nikangoja tena. Njano ya kunikodolea macho.

Hamkuwapo. Ugomvi ulikifunga kile kipande kabla soya haijakigusa. Udongo tulioupigania ndio uliokuwa hauna mtu ndani.

Nikabeba ndoo, nikaenda kwa dada. Alikuwa anapalilia. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Soya."

"Na hiyo ndoo ni ya kuzikia?"

"Naomba udongo."

Akaliegemea jembe, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. "Wewe? Si ulisema wote wako?"

"Nilisema wa mpakani. Huu wa katikati ni wako, dada. Huu ndio ninaoutaka."

"Na wa mpakani?"

Jua likanichoma kisogo. Nyuma yangu shamba zima lilikuwa likisikiliza.

"Wako," nikasema. Neno hilo lilikuwa na miiba, lakini lilitoka.

Akaninyang'anya ndoo. Akachota mwenyewe, chini ya miche yake iliyonenepa, akaijaza hadi ukingoni. "Usimwage, mdogo wangu. Hao wanangu nimewalea."

Nikaukoroga, nikamimina, nikangoja. Majani machanga ndiyo yaliyotangulia, kijani cha aibu aibu, kisha mstari mzima, kisha shamba. Nikachimbua mzizi: vinundu. Nikapasua kimoja kwa ukucha; ndani chekundu kama fizi ya mtoto mchanga. Ninyi hapo. Mmefika.

Msimu uliofuata dada alianza kukilima kipande cha mpakani. Akaniita kwa sauti ya kuita mbuzi.

"Wewe mzee! Unasimama tu? Njoo ushike kamba!"

Nikaenda nikashika kamba, yeye huku, mimi kule, tukapanda soya mstari hadi mstari, kila shimo na udongo kidogo wa dada, na hakuna aliyeuliza nani atavuna. Tulipomaliza, vumbi lilikuwa limetukaa miguuni hadi magotini, zito, limelowa jasho, na hata ungetazama kwa makini usingejua limetoka upande upi.